Damu ya Mgogo na malaria: kabila linakinga kweli?

Tukienda vijijini kuongea habari za malaria hakosekani mzee wa kusema sisi Wagogo damu yetu ngumu bwana, hayo ni magonjwa ya watu wa ziwani huko. Na kweli Dodoma maambukizi yapo chini sana, huwezi kuifananisha na Kigoma, Geita wala Mtwara. Ila mzee anaisifia damu wakati sifa ni za ukame. Mvua yetu ya msimu mmoja, madimbwi yanakauka mapema, mbu anakosa pa kutagia, basi.

Mpeleke kijana wa Chamwino hapa Dodoma akalime mpunga Kilombero, kule Morogoro kwenye mbu wengi, uone. Mtu mzima na ndevu zake analazwa, drip juu, wakati mwenyeji wake anayeng'atwa na mbu walewale kapata homa kidogo tu. Huyo mwenyeji hana kabila la ajabu, ana kinga ya kuzoea, ameumwa toka utotoni mwili ukajifunza, na akihamia Dodoma akakaa miaka bila kuumwa kinga hiyo inapungua.

Sasa msinielewe vibaya, vinasaba (jeni) vina kazi yake na kubwa tu. Kinachojulikana zaidi ni cha sikoseli (selimundu), tangu mwaka 1954 daktari Anthony Allison alipoonyesha kwa utafiti wa Afrika Mashariki kwamba aliyerithi kinasaba hicho kwa mzazi mmoja tu anakingwa na malaria, na leo tunajua kinga hiyo dhidi ya malaria kali inafika kama asilimia 90. Kwa mzazi mmoja, nasisitiza. Mtoto aliyerithi kwa wote wawili anaumwa sikoseli yenyewe na malaria kwake ni hatari sana, huyo asikose chandarua hata siku moja.

Kisa kinachonivutia mimi zaidi ni cha Burkina Faso miaka ya 90. Watafiti walikuta makabila matatu, Wafulani, Wamosi na Warimaibe, wanaishi jirani, mbu walewale, lakini Wafulani wana vimelea vichache, homa chache, na kingamwili (protini za damu zinazopambana na vimelea) nyingi kuliko wenzao. Ungedhani wamejaa sikoseli, kumbe hapana, vinasaba vya damu vya aina hiyo kwao ni haba kuliko kwa majirani! Ikabidi macho yahamie kwenye mfumo wa kinga wenyewe, ikiwemo jeni ya protini iitwayo interlukini 4 inayosaidia mwili kutengeneza kingamwili. Jibu kamili bado, maana ni jeni nyingi zinashirikiana. Na Mfulani naye malaria anaumwa, tena bandama lake huvimba zaidi kwa sababu kinga yake inapigana kwa nguvu.

Hapa kwetu Mgogo, Mrangi, Msandawe na Mburunge wameoana mpaka kabila la mtu halikuambii alichorithi, ukitaka kujua kama una kinasaba cha sikoseli kapime.

Na kijana akirudi toka Kilombero ana homa, akifika zahanati aanze kusema alikotoka, maana Dodoma mhudumu anaweza kuwaza taifodi au UTI kwanza, na kwa mtu asiye na kinga malaria inaweza kugeuka kali ndani ya saa 24.