Acha mlango ulipo

Juzi jioni simu tena. "Shikamoo fundi. Volkswagen Beetle yangu nimeshaitoa milango yote miwili, kesho nakata bati lililooza chini. Nianzie wapi?"

Marahaba, mwanangu. Anza kwa kuirudisha milango.

Huyo ni wa nne tangu masika yaanze, na wote wameambiwa maneno yaleyale: toa milango kwanza, bodi iwe nyepesi, upate pa kuingiza kichwa. Jamani! Gari likishaoza chini, mlango ndio rula pekee uliyobaki nayo.

Kinachotupoteza watu wa Dar ni lile jina, chaneli ya hita. Injini ya Beetle iko nyuma na inapozwa kwa upepo, na joto lake hupelekwa ndani ya gari kupitia chaneli mbili zinazopita chini ya milango. Mtu anacheka: hita ya nini Temeke? Akikuta imeliwa na kutu (na kwa hewa yetu ya chumvi, lazima aikute imeliwa) anabandika bati juu, anapaka lami, basi. Sasa sikiliza. Bodi nzima imefungwa kwenye sakafu kwa bolti zinazoingia kwenye chaneli hiyohiyo. Joto lisikusumbue, hata ukiziba matundu yake sitagombana nawe. Lakini chaneli ikiisha nguvu, gari linabonyea katikati, nguzo za mlango zinainamiana, mwanya kati ya mlango na nguzo unabana juu na kuachama chini.

Funga mlango, pitisha sarafu ya mia mbili kwenye mwanya wa nyuma, toka juu hadi chini. Kisha weka ubao na jeki chini ya ukingo wa sakafu, mahali ambapo bado pana chuma, uinue taratibu. Sarafu iliyokuwa ikikwama juu ikianza kupita, gari limeshakuambia kila kitu. Bila mlango ungeyasikia wapi hayo?

Beetle yangu ya kwanza niliikata chaneli pande zote mbili siku moja, milango ikiwa imeegemezwa ukutani. Nilichomelea vizuri, nikajisifu. Kurudisha mlango: ukikaa chini, juu unagonga. Nilikata upya upande wa kushoto. Wa kulia nilidanganya kwa puti, na ufa wake upo mpaka leo.

Kwa hiyo, mianya ikishakaa sawa milango ikiwa imefungwa, ndipo unachomelea mihimili ya kushikilia bodi: nguzo kwa nguzo, na upande kwa upande. Tumia skwea paipu, nondo hupinda. Na tafadhali, iweke kwa ndani, mlango uweze bado kufunga. Wengi wanaupiga mhimili katikati ya uwazi wa mlango, halafu wakitaka kupima wanakuta wamejifungia nje.

Hapo sasa toa milango. Chora mstari kuzunguka bawaba kwa msumari, si kwa penseli. Toa kizuizi cha mlango, weka jeki na blanketi chini yake, awepo mtu wa kushika. Skrubu za bawaba ndizo zitakazokutoa jasho. Chokonoa rangi yote kwenye msalaba wa kichwa cha skrubu, mwagia oili ya kutu, lala, kesho yake tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo. Bisibisi ya kawaida itaula msalaba na utaishia kutoboa kwa drili.

Wengine husema usiguse skrubu, gonga pini za bawaba zitoke, mpangilio usiharibike. Miaka yote hii sijaamua. Pini ikitoka kirahisi naifurahia. Ikigoma, nyundo inaweza kuipinda bawaba, na mstari wako wa msumari unakuwa hauna maana. Huwa naipiga mara tatu nne, ikikataa narudi kwenye skrubu.

Yule kijana nilimuuliza milango iko wapi. Kimya. "Iko mtaa wa Gerezani, fundi. Kwa mtu wa rangi. Ameshapiga koti la pili."

Nikamwambia aende na mablanketi mawili, aifuate hivyohivyo. Itachubuka.