Mwezi wa Kisumu hulala kama mtumbwi: waacheni watoto wachore wanachokiona

Tangu muhula uanze, ofisi yetu hapa Kisumu imepokea malalamiko mengi kuhusu masomo ya anga na majaribio ya sayansi katika shule za msingi. Wazazi wanauliza kwa nini mtoto wa Gredi ya Nne atumwe fimbo, chungwa na karai. Wengine wanauliza kwa nini waitwe uwanjani usiku. Wachache wametuandikia kwamba watoto wao wanafundishwa kupiga ramli. Najua hakuna anayelalamika kwa nia mbaya. Kila mmoja anamtakia mwanawe mema. Mimi ni afisa wa ubora na viwango, kazi yangu ni kukagua masomo haya yanavyofundishwa, kwa hivyo nitajibu nikianzia kwenye daftari moja nililolishika mkononi.

Ni daftari la msichana, binti wa mvuvi wa omena. Darasa liliambiwa lichore mwezi mchanga. Yeye akauchora umelala chali, pembe zote mbili zikitazama juu, kama mtumbwi. Mwalimu akaukata kwa kalamu nyekundu, kisha akachora kando yake mwezi uliosimama wima, ule wa kitabuni. Msichana akaufuta wake kwa raba mpaka karatasi ikachanika kidogo. Niliumia nilipoona ile karatasi, kwa sababu mchoro wa mtoto ndio uliokuwa sahihi.

Kisumu iko takriban sehemu moja ya kumi ya digrii kusini mwa ikweta. Ukishika barabara ya Busia unauvuka mstari wenyewe pale Maseno. Huku kwetu jua halizami kwa mshazari, linashuka karibu wima. Mwezi hung'aa upande unaolitazama jua, na jua likiwa limezama chini yake, upande wa chini ndio unaong'aa. Hivyo mwezi mchanga wetu hulala. Miezi mingine huegemea kidogo upande mmoja, na mtoto makini atauona mwegemo huo pia. Mwezi uliosimama ni wa nchi zilizo mbali na ikweta, kama Uingereza. Huko ni sahihi. Hapa Nyanza, mtoto anayeuchora hivyo amenakili, hakutazama.

Babake huyo msichana anaujua mwezi kuliko wengi wetu. Huenda ziwani na taa usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikitanda omena hawaifuati taa vizuri. Mtoto aliyelelewa katika nyumba hiyo anajua tangu utotoni kwamba kuna siku za baba kutoka na siku za baba kulala nyumbani. Mwalimu angemuuliza tu, angepata somo zima la mzunguko wa siku 29 na nusu bila kufungua kitabu.

Sasa niseme jambo ambalo limenichosha. Mwezi haupungui kwa sababu ya kivuli cha dunia. Nimelisikia jibu hilo kwa wazazi, kwa wanafunzi, na mara nyingi mno kwa walimu. Kivuli cha dunia huuangukia mwezi wakati wa kupatwa tu, kama tulivyoona Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025, mwezi ulipofunikwa wote kuanzia saa mbili u nusu usiku na kukaa mwekundu kwa dakika 82. Siku nyingine zote tunachokiona ni upande wa mwezi ulioangaziwa na jua, ukitazamwa kutoka pembe tofauti.

Hapo ndipo chungwa linapohitajika. Wiki moja baada ya mwezi mpevu, saa mbili asubuhi, mwezi bado uko juu upande wa magharibi, mweupe, jua likiwa mashariki. Mtoto asimame uwanjani, anyooshe mkono na kuliweka chungwa pembeni mwa mwezi, huku jua likilipiga chungwa. Ataona sehemu ya chungwa iliyoangaza inafanana na sehemu ya mwezi iliyoangaza, umbo kwa umbo. Nimewaona watoto wa Gredi ya Tano wakinyamaza ghafla kwa jaribio hilo. Mmoja alilishusha chungwa, akaliinua tena, akalishusha, akaliinua, kisha akasema, "Kumbe nao ni mpira." Halihitaji darubini wala usiku, na chungwa linaliwa baadaye.

Fimbo nayo ina kazi yake. Isimikwe iliyonyooka, yenye urefu wa mita moja juu ya ardhi, mahali pasipo na kivuli cha mti wala nyumba. Watoto wapige kijiwe kwenye ncha ya kivuli kila nusu saa. Wazazi kadhaa wamewaambia watoto kwamba hili ni kazi bure, kwani ikweta jua huwa utosini kila siku saa sita kamili. Kauli hiyo ina makosa mawili. Kwanza, jua hupita utosini mwetu karibu na tarehe 20 Machi na tarehe 23 Septemba tu. Mwishoni mwa Juni, kivuli cha adhuhuri cha fimbo hiyo hufika kama sentimita 43, kikielekea kusini. Mwishoni mwa Desemba hufika karibu urefu huohuo, kikielekea kaskazini. Pili, kivuli kifupi kabisa hakiji saa sita kamili. Saa za Kenya zimepangwa kwa mstari wa longitudo ya digrii 45, unaopita karibu na Mogadishu, nasi tuko kwenye digrii 34.75. Kila digrii ni dakika 4 za jua. Kwa hiyo adhuhuri halisi ya Kisumu huja yapata saa sita na dakika 40. Hutangulia au kuchelewa kama robo saa kutegemea majira ya mwaka. Mtoto akileta nyumbani karatasi inayosema saa sita na dakika 43, tafadhali msimsahihishe.

Karai ni kwa ajili ya uvumi mmoja. Watu wengi wamepelekwa kwenye kibao cha ikweta, mtu akamwaga maji kwenye bakuli lenye tundu, yakazunguka upande mmoja kaskazini na upande mwingine kusini, wakalipa na kupiga makofi. Mzunguko wa dunia huathiri dhoruba kubwa, si bakuli. Katika chombo kidogo kama hicho, na hatua chache tu kutoka kwenye mstari, maji hufuata namna yalivyomiminwa na umbo la chombo. Walimu wawape watoto karai lenye tundu katikati, wamwage mara 20, wayaache maji yatulie kila mara kabla ya kuzibua, wahesabu kulia mara ngapi, kushoto mara ngapi. Hesabu hiyo ndiyo sayansi. Shule inayotaka kukodi basi kwenda kutazama maonyesho hayo ifanye kwanza jaribio hili uani.

Kuhusu ramli. Neno "unajimu" limetumika miaka mingi kwa elimu ya nyota na kwa kupiga bao pia, kwa hiyo naelewa wasiwasi unakotoka. Ndiyo maana ninapendelea kusema falaki, au elimu ya anga. Hakuna mtoto anayefundishwa kwamba nyota yake itampa bahati. Anafundishwa kuzitafuta sayari za Zuhura na Mshtarii, na kuandika siku alipoziona. Wazee wetu wa pwani walisema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hiyo ni kalenda ya mkulima iliyotokana na kutazama kile kishada kidogo cha nyota mwaka baada ya mwaka. Jina lenyewe linatokana na kulima.

Kuna jambo pia ambalo ningependa kila mzazi wa huku alijue. Katikati ya Mei, saa tatu usiku, mawingu yakitupisha, mtoto wa Kisumu akitazama kusini anaona Msalaba wa Kusini. Akigeuka na kutazama kaskazini, zipo nyota saba za Dubu Mkubwa. Zote kwa wakati mmoja, karibu urefu uleule juu ya upeo. Mtoto wa London hauoni kamwe Msalaba huo akiwa kwao. Sisi tunayo mbingu yote, na tunawafungia watoto ndani wakitazama runinga.

Hofu ya usiku sikejeli. Huku kwetu mtu akionekana gizani bila sababu huitwa jajuok, yaani mchawi wa usiku, na majirani huchukua hatua kabla ya kuuliza. Kwa hiyo kikao cha jioni kina masharti, na hapa naomba msomaji asiruke mstari.

Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zimeweka masomo ya shule za kutwa kati ya saa mbili asubuhi na saa tisa u nusu alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, na shughuli za ziada baada ya hapo hadi saa kumi na dakika 45. Kikao cha nyota kiko nje ya muda huo. Hivyo mwalimu mkuu aidhinishe kwa maandishi. Mzazi atie sahihi fomu ya idhini, si ujumbe wa simu. Kila mtoto aje na arudi na mzazi au mlezi aliyetajwa kwenye fomu. Chifu au mzee wa mtaa ajulishwe mapema. Na orodha iitwe mara mbili, watoto wanapofika na wanapoondoka. Mtoto asiye na fomu haingii, hata kama mzazi wake ni mwalimu wa shule hiyo. Asiyekuja asipunguziwe alama, maana anaweza kuutazama mwezi akiwa uani kwao.

Kuhusu pesa, kifungu cha 29 cha Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 kinakataza shule ya umma kutoza karo ya masomo. Tozo nyingine yoyote inahitaji idhini ya Waziri kwa kushauriana na Bodi ya Elimu ya Kaunti, hakuna mtoto wa kurudishwa nyumbani kwa kutolipa, na hakuna pesa ya kupokewa bila risiti rasmi. "Mchango wa darubini" unaokusanywa na mwalimu wa darasa mkononi haupo kisheria. Mkiombwa, dai risiti na mtuletee nakala. Aliyesahau fimbo au chungwa asichapwe: kifungu cha 36 kinaweka faini isiyozidi shilingi 100,000, au kifungo kisichozidi miezi 6, au vyote viwili.

Picha nazo. Kifungu cha 33 cha Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 kinataka idhini ya mzazi au mlezi kabla ya kutumia taarifa za mtoto, na sura ya mtoto ni taarifa yake. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, kiasi kilicho kidogo. Septemba 2023, shule moja jijini Nairobi ilitozwa shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi. Idhini ya kuja kutazama nyota si idhini ya kupigwa picha. Ni sahihi mbili tofauti.

La mwisho ni macho, na hapa sina subira kabisa. Tarehe 2 Agosti 2027 jua litapatwa. Litafunikwa lote Misri, Saudi Arabia na sehemu za Somalia. Kenya tutaona likimegwa kwa kiasi. Msiwape watoto kioo chenye masizi, filamu ya eksirei, sidii, miwani ya kawaida wala karai la maji la kutazamia. Sehemu ya ndani ya jicho haina maumivu, hivyo mtoto anaungua bila kulia, na anagundua baadaye kwamba hasomi ubao. Miwani inayokubalika ni yenye kiwango cha ISO 12312-2 na isiyokwaruzwa. Isipokuwepo, chujio la jikoni latosha: mtoto alipe jua mgongo, alishike chujio juu ya karatasi nyeupe, na kila tundu litamchorea jua dogo lililomegwa. Jaribuni mapema siku yoyote yenye jua. Kwa tundu moja la milimita moja kwenye kadibodi, karatasi ikiwa mita moja kutoka kwenye tundu, duara la jua litakuwa na upana wa milimita 9 hivi. Mtoto alipime kwa rula na aandike alichopata.

Na jioni ikiwa na mawingu, kama ziwani huwa mara nyingi, ukurasa wa daftari la mwezi uandikwe tarehe na neno "mawingu". Nimewaagiza walimu watie alama ya sahihi hapo. Mzazi asimchoree.