Mrejesho wa kujenga kwenye picha za stoki: maana yake

Ukiwaonyesha wenzako picha pale kijiweni, majibu ya Dar unayajua kabla hayajatoka: "Umetisha kaka", "Hii kali", "Moto". Ni maneno matamu na sijaona mtu aliyeyakataa. Ila ukifika nyumbani ukajiuliza umejifunza nini, mfuko mtupu. Upande wa pili yupo anayeponda: "Picha gani hii, hata mtoto mwenye simu angepiga." Huyo naye hajakupa kitu, na moyo kakuumiza juu yake. Mrejesho wa kujenga hauko kwa yeyote kati ya hawa wawili. Wala haupatikani kwa kuwachanganya, sifa kijiko kimoja na lawama kijiko kimoja, kama wanavyofundishwa watu kwenye semina.

Neno lenyewe linatusaidia. Kurejesha ni kukirudisha kitu kwa mwenyewe. Umenipa picha niitazame, nami nakurudishia nilichokiona, ili uipate picha yako ikiwa imepita kwenye macho yasiyo yako. Tunasema ni wa kujenga pale ambapo mwenye picha, akishausikia, anajua la kufanya: akate wapi, arudi saa ngapi, afute neno gani, aiondoe ipi. Akiondoka hajui afanye nini, basi alichopewa ni maoni tu, hata kama yalisemwa kwa upole wa ajabu.

Tuje kwenye picha za stoki. Hizi ni picha ambazo hakuna aliyeziagiza. Unapiga kwanza, unazipakia kwenye kampuni kama Shutterstock, Adobe Stock, Getty Images au Alamy, kisha unamsubiri mteja usiyemjua alipie leseni ya kuitumia. Hakimiliki inabaki kwako, na picha moja inaweza kuuzwa kwa watu mia. Fedha ya kila mauzo ni ndogo: Adobe Stock humpa mpiga picha asilimia 33, na anayenunua kwa kifurushi cha mwezi hulipa kidogo sana kwa kila picha. Ndiyo maana mtu hategemei picha moja. Anategemea mkusanyiko wake wote, ambao hapa nitauita jalada.

Picha ya harusi anaihukumu bibi harusi na mama yake. Picha ya ukutani anaihukumu mwenye ukuta. Ya stoki inahukumiwa na mhariri au mbunifu wa matangazo aliyekaa mbali, ana vijipicha mia kwenye kioo na dakika chache za kuchagua. Hakujui. Hajui umeamka saa ngapi. Anatafuta kitu cha kukaa juu ya makala ya lishe, au kwenye tangazo la bima, na anataka kisimletee kesi. Mrejesho wa kujenga kwenye jalada la stoki ni ule unaomkaribisha mtu huyo akae nanyi kwenye benchi. Anayetoa mrejesho anasema kwa niaba yake: nani ataitumia picha hii, kwa kazi gani, na ni kitu gani kitamfanya airuke.

Mimi hili nililielewa kwa picha ya Feri. Niliamka saa kumi alfajiri, nikaenda soko la samaki, nikasimama kwenye maji ya samaki mpaka viatu vikalowa, nikampata mzee mmoja akipanga pweza huku mwanga wa kwanza ukimpiga ubavuni. Kijiweni wote wakasema nimetisha. Nikampelekea kaka mmoja aliyeanza kazi hii kabla yangu. Akaitazama kimya, muda mrefu kuliko nilivyopenda.

"Mdogo wangu, huyu mzee amekusainia karatasi ya ridhaa?"

"Hapana, kaka."

"Basi kwa tangazo haiuziki. Na hiyo ndoo nyuma yake ina nembo ya kampuni ya rangi. Kwa matumizi ya habari, kama gazetini, inafaa, ila hujaandika tarehe wala mahali."

Nikaanza kujitetea. Nikamweleza habari ya saa kumi, ya viatu, ya askari aliyeniuliza napiga nini, maana Ikulu iko jirani pale. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Hiyo saa kumi iko wapi kwenye picha?"

Iliniuma siku mbili. Lakini ukiyaangalia maneno yake, hakuna hata moja lililonigusa mimi. Yote yalikuwa juu ya picha na mtu atakayeinunua, na kila moja lilikuwa na kitu cha kufanya nyuma yake.

Mambo ya ufundi huwa watu wanayapenda, nami nitayapitia haraka. Picha ifunguliwe kwenye kompyuta kwa asilimia mia, maana kwenye simu juani kila picha ni kali. Hapo ndipo unaona chenga za ISO kubwa, yaani kamera iliyolazimishwa kuona penye mwanga mdogo, fokasi iliyoangukia sikio badala ya jicho, madoa angani ya vumbi lililoganda kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga, mstari wa bahari uliolala upande. Shutterstock na Adobe Stock zote hazipokei picha ya chini ya megapikseli 4, yaani nukta milioni nne, na kila unapokata nukta zinapungua, kwa hiyo "kata tu hapa" si ushauri mwepesi kama unavyosikika.

La mwanga wetu ndilo linalostahili muda. Dar iko chini kidogo ya ikweta, na mwezi Machi na Oktoba jua la saa sita mchana linapita karibu kabisa juu ya utosi. Uso wa mtu unapata vivuli viwili vyeusi machoni, na kofia inameza kila kitu. Tena kamera, ikiona kanzu nyeupe au mchanga wa ufukweni, hudhani mwanga umezidi, inaupunguza, na uso mweusi unabaki giza. Kumwambia mtu "picha yako giza" ni kumwambia analoliona. Mwambie, "Pima mwanga usoni, si kwenye kanzu, au msogeze chini ya kibaraza," na umempa kazi ya kesho.

Sasa maneno ya utafutaji, yale unayoyaandika pamoja na picha ili mnunuzi aipate, ambako wengi hawatazami kabisa. Jalada la stoki linaonekana kwa maneno kabla ya kuonekana kwa macho. Adobe Stock inaruhusu maneno 49 kwa picha na huyapa uzito zaidi yale kumi ya mwanzo. Anayetoa mrejesho bila kuyasoma amekagua nusu ya kazi. Nimekuta picha nzuri ya mama lishe wa Kariakoo ambayo neno lake la kwanza ni jina la kamera. Nimekuta nyingine imejazwa maneno kama furaha, mafanikio na uhuru, na ndani yake kuna bajaji iliyoegeshwa. Mnunuzi wa Berlin hajui mama lishe ni nani, atatafuta kwa Kiingereza chakula cha mtaani, mwanamke mpishi, soko la Afrika. Weka hayo mbele. Mama lishe na Kariakoo vifuate, kwa ajili ya anayejua anachotaka.

Halafu kuna kosa letu wenyewe la pwani. Kijana ananionyesha jua jekundu likigusa bahari Coco Beach, kichwa cha picha kinasema machweo. Coco Beach inatazama mashariki. Jua pale linatoka baharini, halizami humo. Anayetaka machweo juu ya maji aende upande wa pili wa rasi, Msasani, kwenye ghuba inayotazama magharibi. Mtu wa mbali hatajua, ni kweli, mpaka jarida lake la utalii litoke na msomaji wa Dar amwandikie barua. Mrejesho wa namna hii mwenyeji tu ndiye anaweza kuutoa, na ninashangaa jinsi tunavyouacha tukikimbilia kubishana juu ya lenzi. Hivyohivyo kwa picha za habari: Barabara ya Morogoro ya kabla ya mwendokasi kuanza mwaka 2016 si barabara ya leo, na mandhari ya pwani ya kabla ya Daraja la Tanzanite kufunguliwa mwaka 2022 imeshakuwa historia. Bila tarehe, picha inadanganya bila mpigaji kukusudia.

Nembo nazo ni mtihani wa jiji hili. Zunguka Manzese au Mbagala utafute duka ambalo halijapakwa rangi za kampuni ya simu au ya soda. Mwavuli una nembo, kiti cha plastiki kina nembo, kofia ya bodaboda ina nembo, ubavu wa daladala umejaa majina ya wachezaji na wahubiri. Kwa matumizi ya kibiashara vyote hivyo vinazuia. Mtoa mrejesho anaweza kuchukua njia tatu: aseme nembo ifutwe kwenye kuhariri, picha ipigwe upya kwa pembe nyingine, au ipelekwe upande wa habari ambako nembo hazina shida. Ni ushauri tofauti, wenye gharama tofauti, kwa hiyo ataje upi na kwa nini.

Baada ya picha moja moja, litazamwe jalada zima. Zamani Shutterstock ilimtaka mpiga picha mgeni apeleke picha 10, na 7 zipite ndipo apokelewe, kwa hiyo watu walikuwa wanaombana msaada wa kuchagua hizo kumi. Sharti lile limelegezwa na kuchagua kumekufa pamoja nalo. Mtu anapakia mashua 40 za alasiri moja, kisha anakataliwa kwa sababu "zinafanana". Mwambie abakize tatu: ya mbali, ya karibu, na moja yenye nafasi tupu pembeni ambapo mteja ataweka maandishi yake. Ila mrejesho wenye thamani kubwa kuliko wote, kwa maoni yangu, ni wa kumwonyesha mtu kisichokuwepo. Majalada ya Dar yamejaa bahari, mashua na masoko. Mfamasia yuko wapi? Fundi wa simu? Mama anayelipa ada kwa simu yake? Vijana kwenye kikao cha ofisi Posta? Wanaotafuta picha za Afrika inayofanya kazi wapo, na sisi tunaendelea kuwauzia machweo, mengine yakiwa macheo.

Kuhusu namna ya kusema, kwetu kuna adabu yake. Mdogo hamkosoi mkubwa mbele za watu. Anamvuta pembeni, anaomba ruhusa, "Samahani kaka, naweza kusema kitu juu ya ile ya pili?" Sioni ubaya wa desturi hiyo. Ubaya unaanza pale adabu inapogeuka kilemba cha ukoka, tukamvisha mtu sifa kwa sababu ni mkubwa au kwa sababu ndiye anayetuazima taa. Kabla ya lolote muulize mwenzako jalada lake analilenga wapi. Anayeuza picha za habari ukimsumbua na nembo umempotezea muda. Na sifa itolewe pale inapostahili, kwa kutaja kitu: "Mkono huu ulivyokatwa na mwanga unasomeka vizuri hata kwenye kijipicha." Sifa kama hiyo nayo inajenga, kwa kuwa kesho atairudia.

Kupokea ndiko kugumu, na kunaanza kabla ya kuonyesha. Usimpe mtu picha 300 ukamwambia "cheki kazi zangu". Mpe kumi na swali jembamba: ipi ungeiondoa kwanza? Maneno gani ungeyatafuta ili uipate hii? Kisha nyamaza. Ukijikuta unaeleza picha ilivyopatikana, ujue umeacha kusikiliza, na kama picha inahitaji maelezo hayo mnunuzi hatakuwepo kuyasikia. Andika yote, hata yasiyokuingia akilini. Baadaye tenganisha ladha na kasoro. "Mimi ningeweka rangi ya joto" ni ladha ya msemaji, unaweza kuiacha bila dhambi. "Jicho halimo kwenye fokasi" haina mjadala. Wawili wasiojuana wakisema jambo moja, lifanyie kazi hata kama hukubaliani nalo.

Majibu ya kampuni yenyewe inapokataa picha, yale ya neno moja kama fokasi, chenga, au nembo, ni nusu ya mrejesho. Yanakutajia ugonjwa bila kukuonyesha unauma wapi. Hapo ndipo mwenzako mwenye kompyuta anafaa kuliko kupakia picha ileile mara ya pili ukiombea mkaguzi mwingine. Nimefanya hivyo. Ikakataliwa tena.

Feri nilirudi baadaye nikiwa na karatasi za ridhaa mfukoni na kalamu mbili. Yule mzee nilimkuta palepale. Nikamsomea fomu kwa Kiswahili mstari kwa mstari, kwamba picha itauzwa, kwamba inaweza kuonekana kwenye tangazo nchi ambayo hatafika, kwamba anaruhusiwa kukataa. Ndoo ya nembo akaisogeza mwenyewe kwa mguu. Kabla hajasaini aliniuliza kama pweza nao wamo kwenye mkataba, akacheka, akasaini, akadai abaki na nakala yake.