Ganzi ya vidole usiku sio damu kugoma kupita, na kompyuta inasingiziwa bure

Vidole vikianza kufa ganzi usiku wengi wanasema damu haipiti, wanajipaka dawa ya kuchua wanarudi kulala. Mara nyingi damu inapita vizuri tu, kinachobanwa ni neva. Kwenye kifundo cha mkono upande wa kiganja kuna kinjia chembamba, humo zinapita kano 9 za kukunja vidole pamoja na neva moja, pakivimba kidogo tu neva ndo inaumia. Hiyo ndo kapo taneli (carpal tunnel).

Halafu kuna hii ya kwamba ni ugonjwa wa wanaotaipu, hapa ndo watu wanapotea kabisa. Ushahidi dhidi ya kibodi ni dhaifu, kazi zinazohusishwa zaidi ni za kukaza mkono kwa nguvu tena na tena na za mashine zinazotetema kama drili. Wanawake wanaupata kama mara 3 kuliko wanaume, zaidi umri wa miaka 40 hadi 60, halafu kuna uzito mkubwa, kisukari, tezi ya thairoidi ya shingoni inayofanya kazi chini ya kiwango, baridi yabisi, aliyewahi kuvunjika kifundo, na wenye ndugu wa damu walionao. Wajawazito pia, sababu mwili unatunza maji, ila wengi wao inaisha wakishajifungua. Inaniuma sana kuona mtu anabadilisha mausi na kiti wakati sukari hajawahi kupima.

Na sio kila ganzi ni hii jamani. Hii inashika gumba, cha shahada, cha kati na nusu ya cha pete, inakuamsha usiku na ukikung'uta mkono unapata nafuu. Kama ni kidole cha mwisho ndo kinakufa ganzi hiyo ni neva nyingine, mara nyingi imebanwa kwenye kiwiko. Ganzi ya ghafla upande mmoja na mdomo umepinda au maneno hayatoki, hiyo inaweza kuwa kiharusi, kimbia hospitali saa hiyo hiyo.

Wanaoogopa kisu, yaani upasuaji, nao wajue wengi wanaanzia kwenye bandeji ngumu ya kunyoosha kifundo wakati wa kulala, au sindano ya steroidi, dawa ya kushusha uvimbe. Ila kama ganzi haitoki mchana kutwa, kifungo cha shati kinakushinda, vikombe vinakuponyoka na nyama ya chini ya gumba imebonyea, hapo usisubiri tena, neva ikibanwa muda mrefu hata ukipasuliwa inaweza isirudi yote.