Mtaimbo Kugonga Jiwe Si Kupima Ardhi

"Injinia, tumefika mwamba, twaweza kumwaga zege." Hapa Malindi maneno haya huja na shimo la futi tatu na fundi aliyeegemea mtaimbo. Mtaimbo ukigonga jiwe, umejua kwamba pana jiwe. Hujajua unene wake, wala kilicho chini yake.

Jiwe letu la pwani ni matumbawe ya kale. Ni chokaa, na chokaa huliwa na maji ya mvua polepole, maelfu ya miaka, mpaka ndani mkawa na mapango na mifuko ya udongo. Waweza kukuta ganda gumu la nusu mita, na chini yake uwazi mtupu. Tena uzito wa nguzo hauishii pale kinapolala kitako, yaani zege pana lililo chini ya nguzo: kitako cha upana wa mita 2 bado huikandamiza ardhi iliyo mita 3 hadi 4 chini yake. Ndiyo maana nadai tuchoronge, yaani tutoboe kwa mtambo, kupita kina hicho, tuutoe mwamba wenyewe tuutazame. Umetoka vipande virefu, yaani mzima, au kokoto tupu, yaani umevunjika? Au fimbo za mtambo zimedondoka ghafla na maji ya kuchorongea yakapotelea chini? Hapo tumepata pango. Na tafadhali, maji ya paa na ya shimo la choo yapelekeni mbali na msingi, maana ndiyo yanayosomba udongo uliojaza mifuko hiyo. Hili sitachoka kulisema.

"Jirani kajenga ghorofa tatu bila kupima." Kajenga kwenye ardhi yake. Katika matumbawe, matundu mawili ya kuchoronga yaliyoachana mita chache huweza kutoa majibu tofauti, kwa hiyo hata ripoti yake, angekuwa nayo, haikufai.

"Mchanga haubebi nyumba." Hili nalisikia zaidi Lamu. Mchanga ulioshikana hubeba vizuri, uliolegea hutitia, na kuukanyaga kwa mguu hakutenganishi. Tunahesabu mapigo ya nyundo ya kilo 63.5 inayoangushwa milimita 760, mpaka mrija wa chuma uzame ardhini milimita 450; mapigo ya milimita 150 za kwanza hatuyahesabu. Mapigo yakiwa mengi, mchanga umeshikana; yakiwa machache, umelegea. Lakini matuta ya mchanga ya Shela, jirani na mji wa Lamu, yaacheni hata yakibeba: ndiyo yanayoweka maji matamu ya mji.

"Tutaongeza nondo." Zege lenye nondo laweza kuvuka uwazi mdogo, ikiwa mchoraji wa msingi ameambiwa upana wa uwazi huo. Upana huo haumo kwenye duka la nondo, unatoka kwenye kuchoronga.