“Sungura Hanywi Maji” na Dhana Nyingine Zinazowaumiza Sungura wa Kikundi

Kwenye mashamba mengi ya vikundi, yawe ya vijana, ya shule au ya kanisa, sungura huwa miongoni mwa mifugo ya mwanzo kununuliwa, kwa kuwa mtaji wao ni mdogo na hawahitaji eneo kubwa. Mwenye zamu anapita, anaona wametulia na majani yapo, anaandika kwenye daftari kwamba mifugo ni salama. Mara nyingi si salama, na wala hakuna mtu mwenye roho mbaya kikundini. Wanaumizwa na mambo ambayo karibu kila mwanachama anayaamini.

“Sungura hanywi maji, majani yanamtosha”

Hii ndiyo inayonikera kuliko zote, kwa sababu hata wafugaji wa siku nyingi huisema kwa uhakika kabisa. Sungura anakunywa, tena sana ukilinganisha na mwili wake: takriban mililita 50 hadi 150 kwa kila kilo kwa siku. Jike wa kilo 4 anaweza kufika nusu lita, na akiwa ananyonyesha hupita hapo. Majani mabichi yana maji, ni kweli, lakini nyasi kavu na peleti (chakula cha dukani kilichokaushwa na kushindiliwa kuwa vipande vidogo) hazina. Sungura mwenye kiu huacha kula. Asipokula, utumbo husimama, na kwa kuwa hawezi kutapika, chakula na gesi hubaki humo humo tumboni.

Wanaosema “nilimpa maji akaharisha” waangalie mambo mengine kwanza. Je, chakula kilibadilishwa ghafla? Kopo lina utelezi ndani? Kizimba kina unyevu? Koksidia, vimelea vya utumboni vinavyoua sana sungura wachanga, hustawi kwenye uchafu na unyevunyevu. Dawa ya hapo ni kusugua kopo kila siku na kukausha sakafu, si kuwanyima maji.

“Ametulia, kwa hiyo ni mzima”

Sungura ni kitoweo cha wanyama wengi, na maumbile yamemfundisha kuficha maumivu hadi dakika ya mwisho. Kutulia kwake hakukuambii kitu. Tazama amekaaje: kama amejikunyata pembeni, macho nusu yamefumba, anasaga meno, na chini hakuna vile vidonge vya kinyesi vya kawaida, huyo anaumwa. Aliyekaa nusu siku bila kula ni wa kupigiwa simu daktari wa mifugo leo hii. Kesho anaweza kuwa amekufa.

Mwenye zamu achungulie pia ndani ya masikio. Ukiona magamba ya kahawia yaliyorundikana, na sungura anatikisa kichwa na kujikuna, huo ni ukurutu unaoletwa na utitiri. Usiyabandue magamba, chini yake ni ngozi mbichi na anapata maumivu makali. Afisa mifugo atampa dawa ya kuua utitiri, na magamba yatadondoka yenyewe.

Na tafadhali, ile amoksilini iliyobaki nyumbani baada ya mtoto kupona isiingie mdomoni mwa sungura. Inaua bakteria wazuri wa utumbo wake, na inaweza kumuua na yeye.

“Anakula kinyesi chake, amechanganyikiwa”

Hapana. Kile kinyesi laini anachokichukua moja kwa moja kutoka matakoni kina protini na vitamini ambazo hakuzipata chakula kilipopita mara ya kwanza. Mwache.

“Jike amewatelekeza watoto”

Watu humwona jike amekaa mbali na sanduku la kuzalia mchana kutwa, wakaanza kuwanywesha watoto maziwa ya ng’ombe, na watoto wakafa. Jike hunyonyesha mara moja, pengine mbili, kwa siku, kwa dakika chache tu, na mara nyingi ni usiku au alfajiri. Nawa mikono, wafunue taratibu asubuhi: tumbo la mviringo lililojaa maana yake wamenyonya. Ngozi iliyokunjamana ndiyo ya kukutia wasiwasi.

“Mimba ni mwezi mmoja, basi azae kila mwezi”

Mimba ni kama siku 31, na jike anaweza kushika nyingine siku ile ile aliyozaa. Vikundi vinavyopiga hesabu za faida kwa karatasi huishia hapo. Jike anayebeba mimba huku ananyonyesha, mfululizo, anakonda na kuzaa watoto dhaifu. Mizao minne au mitano kwa mwaka inatosha.

Joto na mkojo

Sungura anavumilia baridi kuliko joto. Hatoi jasho, hupoza mwili hasa kwa masikio, na joto likizidi nyuzi 30 anateseka. Banda la mabati matupu Tanga au Mombasa ni tanuri. Ezeka makuti, au weka kivuli juu ya mabati.

Nchini Kenya mkojo wa sungura unauzwa kama mbolea, na ni jambo jema, ila usiachwe kwenye jerikeni wazi chini ya vizimba. Inama hadi pua yako ilingane na ya sungura. Macho yakikuwasha, yeye anavuta hewa hiyo usiku na mchana, na mapafu yake yanaharibika.

“Ni wa wote”

Sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama inahesabu kumtesa mnyama kwa kumnyima chakula au maji kuwa kosa, na Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008. Kuwa kikundi si kinga. Shida huonekana Idi, Krismasi na shule zikifungwa, kila mmoja akidhani mwenzake amepita. Ratiba ya zamu za sikukuu ibandikwe mlangoni mwa banda kabla watu hawajasafiri, yenye jina la mtu na la atakayeshika nafasi yake akiugua.