Kabla ya kubishania zulia, uliza dipoziti iko wapi

Mwenye nyumba akikata dipoziti, wapangaji wengi huanza kubishana naye juu ya doa la zulia. Mimi huuliza kwanza: pesa ilisajiliwa? Nazungumzia England tu; Scotland na Wales wana taratibu zao.

Tangu Aprili 2012 sheria inampa mwenye nyumba siku 30, kuanzia siku aliyopokea pesa, kuiweka chini ya mojawapo ya mifuko mitatu rasmi ya kulinda dipoziti: DPS, MyDeposits au TDS. Ndani ya siku hizo hizo akupe na maelezo ya maandishi: mfuko upi, pesa inarudishwaje, mkigombana mnafanyaje. Ingia tovuti zote tatu, uandike jina la ukoo, postikodi, tarehe ya kuanza kupanga na kiasi. Usipojiona, jaribu jina lilivyokosewa kwenye mkataba. Majina yetu hukosewa sana.

Ikiwa hakusajili, au alisajili siku ya 45, mahakama ya kaunti humwamuru akulipe kati ya mara moja na mara tatu ya dipoziti. Kwa pauni 1,300, hiyo ni 1,300 hadi 3,900, mbali na dipoziti yenyewe. Kukurudishia yote baadaye hakufuti kosa, na una miaka 6 ya kudai. Anza na barua yenye tarehe na kiasi, umpe siku 14.

Ikiwa ilisajiliwa, peleka mgogoro kwenye mfuko ndani ya miezi mitatu baada ya kuhama. Ni bure, na mzigo wa ushahidi ni wa mwenye nyumba. Hapo ndipo zulia linapoingia. Zulia la pauni 400 linalotarajiwa kudumu miaka 8, likiwa limetumika 6, limebakiza thamani ya pauni 100. Hawezi kukudai jipya, hata kama uliliunguza kwa pasi. Kufifia kwa kukanyagwa tu hakudaiwi kabisa. Picha za siku ya kuingia, zenye tarehe, ndizo huamua.

Ila ukipanga chumba kwa mtu anayeishi humo humo, mkipikia jiko moja, kanuni ya kusajili haikuhusu. Wenzetu wengi wanaoanza maisha huku wako hapo. Hakikisha una risiti au malipo ya benki yaliyoandikwa "dipoziti", maana pesa taslimu ya mkononi ataiita kodi ya mwezi wa mwisho, na utamdai mahakamani kama deni la kawaida.